Jinsi ya kuwaangalia sokwe kwenye hifadhi mpaka uelewe kinachoendelea

Watu wengi wakifika kwenye hifadhi ya sokwe, yaani kituo cha kutunza sokwe (chimpanzee) waliookolewa, wanafanya kitu kilekile, wanasogea kwenye uzio, wanasubiri makelele, madume wakianza kukimbizana na kurusha vijiti simu zote zinanyanyuka, alafu ikitulia tu wanageuka wanaondoka, wameshaona. Mi nakwambia hapo walipoondoka ndo mambo yalikuwa yanaanza. Ugomvi wa sokwe mara nyingi unaisha haraka sana, lakini kinachofuata baada ya ugomvi kinaweza kuendelea mpaka jioni, na ndo humo utajua nani rafiki wa nani, nani anamwogopa nani, nani anakitaka cheo na nani kashachoka nacho. Kwa hiyo yote nitakayoandika hapa chini yanarudi palepale: angalia wakati wa utulivu, kaa, usiwe na haraka, na usihame kabla hujaona jambo limeishia wapi.

Inamfaa mtu anayeenda kutembelea, mwalimu anayepeleka wanafunzi, anayeenda kujitolea, hata anayewaangalia kwa zile kamera za mtandaoni akiwa kwake, njia ni ileile.

Kwanza ujue unawaangalia kina nani

Sokwe wa hifadhi ana historia, na usipoijua utaelewa vibaya nusu ya unayoyaona. Hifadhi nyingi za Afrika zimejaa yatima. Jangili akitaka mtoto wa sokwe wa kuuza lazima amuue mama kwanza, maana mama sokwe hamwachii mtu mtoto wake, na mara nyingi wanauawa na wengine waliokuja kumtetea, kwa hiyo kila mtoto unayemwona pale nyuma yake kuna msiba, pengine zaidi ya mmoja. Sweetwaters ya kule Ol Pejeta, Kenya, ilifunguliwa 1993 kupokea sokwe waliotolewa Burundi wakati wa vita. Chimfunshi ya Zambia ilikuwa imeshaanza tangu 1983, Tacugama ya Sierra Leone ikaja 1995, na kisiwa cha Ngamba kwenye Ziwa Victoria upande wa Uganda kikaanza 1998. Marekani nako kuna hifadhi zenye sokwe waliotoka maabara, wengine wamekaa miaka na miaka kwenye vizimba vya chuma bila kukanyaga majani.

Hii ina maana gani kwako wewe unayeangalia? Porini dume anazaliwa, anakua na anazeeka kwenye eneo lilelile na ndugu zake, jike akishapevuka ndo mara nyingi anahama kwenda kundi lingine. Hifadhini kundi limeunganishwa na watu. Huyu kakamatwa sokoni, yule alikuwa amefungwa mnyororo uani kwa mtu, mwingine katoka nchi nyingine kabisa, hawana undugu wowote. Kwa hiyo urafiki wowote utakaouona pale wameujenga wenyewe, mmoja baada ya mwingine, tena wengine wao walifika hawajui hata sokwe mwenzao anasalimiwaje kwa sababu walilelewa na watu. Mi hilo ndo linanifanya nisichoke kuwaangalia.

Kabla hujafika

Kama una mafua au kikohozi, usiende. Siyo utani wala siyo ukali wa watunzaji, virusi vya mafua vinavyokufanya we upige chafya siku mbili tatu vinaweza kuua sokwe. Mwaka 2013 kwenye msitu wa Kibale, Uganda, kundi la Kanyawara lilipata ugonjwa wa njia ya hewa na sokwe 5 wakafa, na virusi vilivyokutwa ni vya mafua ya binadamu, vile ambavyo watoto wetu wanavipata kila mara. Ndo maana hifadhi zinakuuliza chanjo, zinakuvalisha barakoa na zinakuweka mbali. Kubali yote bila kubishana.

Beba darubini ndogo, daftari na kalamu. Simu iache mfukoni kwa saa ya kwanza, nitaeleza kwa nini. Na ukifika muulize mtunzaji mambo matatu tu: wanalishwa saa ngapi, wanarudi ndani saa ngapi, na kuna mgeni yeyote aliyeingizwa kundini siku za karibuni? Hilo la tatu ndo muhimu kuliko yote, maana kama kuna mgeni basi kundi zima limechangamka na kila utakachokiona siku hiyo kina uhusiano naye.

Jifunze sura, alafu chagua mmoja

Mwanzoni wote wataonekana sawa, ni weusi, wana masikio makubwa, basi. Usikate tamaa, macho yanazoea haraka. Anza na masikio, kuna yaliyosimama na yaliyolala, kuna yaliyochanika. Angalia rangi ya uso, wengine uso ni mweusi ti, wengine una madoa, wadogo mara nyingi uso ni mweupe mweupe. Angalia upara, mvi za mgongoni, mwendo, kidole kilichokatika kwa mtego wa waya. Watoto wana kishungi cheupe cha nywele pale mkia ungekuwepo (sokwe hana mkia), na kishungi hicho kina kazi, kinawaambia wakubwa huyu bado mdogo, mvumilieni. Utaona kitoto kinampanda dume mkubwa kichwani, kinamnyang'anya chakula, na dume anakaa kimya. Kishungi kikishapotea miaka ya mbele na uvumilivu nao unapungua, inabidi kijana ajifunze adabu.

Ukishawajua watano au sita, chagua mmoja. Mmoja tu. Na usichague dume kiongozi. Najua kila mtu anamtaka yeye, lakini yeye anakimbia huku na huku na utaishia kuangalia vumbi. Chagua jike mtu mzima, aliyetulia, anayekaa chini muda mrefu, kwa sababu kwa jike wa namna hiyo wengine ndo wanakuja, na ukikaa naye asubuhi nzima kundi lote litapita mbele yako.

Kila baada ya dakika chache andika vitu vitatu: anafanya nini, nani yuko karibu naye kiasi kwamba akinyoosha mkono anamfikia, na nani kaondoka alipofika nani. Hicho cha mwisho watu hawakiangalii kabisa. Sokwe akinyanyuka na kuhama kwa sababu mwingine kaja kukaa, bila kelele wala kupigwa, hapo umeona cheo. Ukiandika hivo kwa saa mbili tatu utakuwa na picha ya kundi ambayo video haikupi, maana video inafuata fujo na daftari linafuata mtu. Ndo hivo nikasema simu ikae mfukoni kwanza.

Asubuhi, wanapotoka

Hifadhi nyingi wanalala ndani, kwenye nyumba zenye vitanda vya kuning'inia au majani makavu, asubuhi milango inafunguliwa wanatoka kwenye msitu au uwanja wao uliozungukwa na uzio wa umeme, au kama ni kisiwa basi maji ndo uzio, maana sokwe hawajui kuogelea. Fika mapema uwepo wakati huo. Wanapotoka ndo wanasalimiana, na salamu ya sokwe ni kitambulisho cha cheo. Wa chini anamwendea wa juu akiwa amejikunja, anatoa miguno mifupi mifupi ya haraka, oh-oh-oh-oh, wakati mwingine ananyoosha mkono au anamgeuzia makalio, na wa juu anamgusa mgongo au hamjali. Miguno hiyo inaenda upande mmoja tu, wa chini kwenda kwa wa juu, haiendi kinyume. Kwa hiyo ukitaka kujua nani kiongozi wala usihangaike kutafuta mwenye mwili mkubwa, hesabu nani anagunwa na wengi na yeye hamguni mtu.

Alafu kuna ile milio mirefu inayoanza chini, huu, huu, huu, inapanda mpaka inakuwa kelele kabisa, saa nyingine inamaliziwa kwa kupiga mti au mlango kwa miguu kama ngoma. Ile inasikika zaidi ya kilomita moja msituni na kila sokwe ana yake, wenzake wanamjua kwa sauti tu. Ukisikia upande mmoja wameanza na upande mwingine wakajibu, wanaambiana tuko hapa.

Na hapo ndo madume wanajitutumua. Dume anaanza kwa kukaa, manyoya yanasimama mwili unaonekana mara mbili, anayumba yumba, midomo kaibana, ghafla anakimbia akiburuta tawi, anapiga chochote, anarusha mawe. Wageni wanadhani kapandwa na wazimu au anataka kuua mtu. Mara nyingi hataki kumpiga mtu, anajionyesha ili asilazimike kupigana. We angalia wengine wanafanya nini, nani anakimbia akipiga yowe, nani anasogea pembeni taratibu, nani amekaa anaendelea kula. Aliyekaa anaendelea kula ni mtu mzito, mwandike.

Nguvu siyo kila kitu kwenye uongozi, na Gombe ya Tanzania, pale ambapo mtafiti Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe wa porini 1960, wamelionyesha hilo vizuri sana. Miaka ya 60 kulikuwa na dume anaitwa Mike, alikuwa wa chini kabisa, akagundua madebe matupu ya mafuta ya taa yaliyokuwa kambini yanapiga kelele, akawa anakimbia anayasukuma mbele yake yanalia, wakubwa wote wakatawanyika, na kwa kelele hiyo akapanda mpaka juu. Miaka ya baadaye akaja Wilkie, mwili mdogo, uongozi wake ulisimama kwenye kuwachambua wenzake manyoya kwa bidii, wakati Frodo aliyetawala miaka ya 90 alikuwa jitu zima na alitumia ubabe, yeye alipenda zaidi kuchambuliwa kuliko kuchambua. Kwa hiyo hata hapo hifadhini jiulize, huyu wa juu ni Mike, ni Wilkie au ni Frodo? Utapata jibu ukimwangalia mchana zaidi ya asubuhi.

Kula

Hapa sina mengi. Hifadhini wanalishwa matunda, mboga, uji saa nyingine, mara kadhaa kwa siku, kwa sababu msitu waliopewa hautoshi kuwalisha wote. Utasikia miguno laini ya furaha wakiona chakula. Kitu cha kuangalia ni kuomba: sokwe anamkaribia mwenye chakula, ananyoosha mkono kiganja kikiwa juu, au anaweka uso karibu kabisa na mdomo wa mwenzake anasubiri. Andika nani anaombwa na anatoa, na nani anaombwa anageuza mgongo. Na kama watunzaji wameweka asali au uji kwenye matundu ya gogo, angalia nani anavunja kijiti, anakipunguza majani, anakichomeka na kukilamba. Mtoto anayekaa pembeni anamkodolea macho mkubwa akifanya hivo yuko darasani, usidhani anazubaa.

Mchana, pale wageni wanapoondoka

Jua likishakuwa kali wanaingia kivulini, wanalala, na wanachambuana manyoya. Kama una saa moja tu ya kukaa hifadhini basi omba iwe hii.

Kuchambuana manyoya si usafi tu. Ni kweli wanatoa uchafu, vipele, ngozi iliyokauka, lakini muda wanaoutumia ni mwingi kuliko uchafu uliopo. Ndo njia yao ya kutengeneza urafiki, kulipa fadhila, kumpoza aliyekasirika na kuomba msaada wa kesho. Ni kama watu wawili wanaosukana nywele, mikono inafanya kazi na huku mambo mengine yanapangwa. Utaona midomo yao inacheza, wanagonganisha midomo na meno kidogo kidogo, ile ni ishara ya amani, nipo hapa kwa wema. Anayetaka kuchambuliwa anainua mkono juu anaonyesha kwapa, au anajikuna kwa nguvu mahali anapopataka, au anakaa tu mbele ya mwenzake kampa mgongo. Andika nani kaanza, nani karudisha, na nani kachambua muda mrefu bila kurudishiwa. Huyo wa mwisho mara nyingi anakitafuta kitu.

Kuna jambo linanifurahisha sana, mila. Kule Mahale, Tanzania, watafiti waliona tangu miaka ya 70 kwamba sokwe wawili wakichambuana kila mmoja ananyoosha mkono mmoja juu, wanashikana mikono hiyo hewani, na kwa mkono uliobaki kila mmoja anachambua kwapa la mwenzake. Gombe ambao nao wako ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hawana desturi hiyo. Chimfunshi ambako kuna makundi kadhaa yanayoishi kwenye mazingira yaleyale, kuna kundi linafanya na kundi halifanyi, na hata wanaofanya wanatofautiana, wengine wanashikana viganja, wengine vifundo vya mikono. Hapohapo Chimfunshi mwaka 2010 jike anaitwa Julie alianza kuchomeka jani la nyasi sikioni na kuliacha linaning'inia, halina faida yoyote inayoonekana, wenzake wakaanza kumwiga, na Julie alipokufa waliobaki wakaendelea. Kwa hiyo ukiwa pale ukaona kitu kidogo cha ajabu kinarudiwa na zaidi ya mmoja, mtu na rafiki yake, jike na mwanae, kiandike vizuri na umwambie mtunzaji. Inawezekana ni mila ya kundi hilo tu, haipo kwingine kokote duniani.

Ugomvi na yanayofuata

Sasa tufike kwenye kiini. Kelele zikianza utaona nyuso, na kuna uso mmoja ambao karibu kila mgeni anausoma kinyume. Sokwe akivuta midomo nyuma na kuonyesha meno yote ya juu na chini, ile siyo kicheko, ni hofu. Zile picha za sokwe "anayecheka" kwenye kadi na matangazo ya zamani ni za mnyama aliyeogopa. Uso wa mchezo ni mwingine, mdomo uko wazi, umelegea, meno ya juu yamefunikwa na mdomo, na anapumua kwa sauti, ha-ha-ha ya pumzi, ndo kicheko chao. Na mwenye midomo iliyobanwa na manyoya yamesimama huyo ndo anakuja, jiandae kuona kitu.

Ugomvi ukiisha, hapo usiangalie pembeni. Tafuta waliogombana wako wapi, weka macho kwao wote wawili ukiweza, ukishindwa mfuate aliyeshindwa. Utamwona anajikuna sana, ile ni wasiwasi. Anapiga kelele, ananyoosha mkono kwa mtu. Mwaka 1979 mtafiti Frans de Waal na mwenzake waliandika yale waliyoyaona kwa sokwe wa bustani ya Burgers kule Arnhem, Uholanzi, kwamba waliogombana wanatafutana baada ya ugomvi kuliko wakati wa kawaida, wanasogeleana, wanabusiana, wanagusana. Kabla ya hapo watu walidhani wanyama wakigombana wanaepukana, basi. Na waliona pia yule asiyehusika anakuja kumkumbatia aliyepigwa. Kwa hiyo una mambo mawili ya kutofautisha, kupatana na kuliwazwa. Busu kati ya waliogombana wenyewe, kumbatio kutoka kwa mtu wa pembeni, siyo sheria ya kila mara ila inakusaidia kujua unaangalia nini.

Andika nani kasogea kwanza. Ni mshindi au aliyeshindwa? Walikaa muda gani bila kuangaliana? Madume wawili wanaweza kukaa mita chache wakijifanya kila mmoja anaangalia majani, hakuna anayetaka kuanza, na hapo ndo utamwona jike mzee anafanya kazi ambayo hakuna mwingine anaiweza. Anamchambua mmoja, anasimama, anaelekea kwa wa pili, wa kwanza anamfuata nyuma, jike anakaa katikati anachambuliwa na wote wawili, alafu anaondoka polepole na wale wanabaki wakichambuana wenyewe. Arnhem waliona hata majike wanamfungua dume vidole na kumtoa jiwe mkononi kabla hajaanza kujitutumua. Nasema wazi, kwangu mi hakuna kitu cha maana kuona hifadhini kuliko hiki, na huwezi kukiona kama umekuja kwa dakika kumi.

Angalia na kiongozi anafanya nini wakigombana wengine. Kiongozi mzuri anaingia kati kuwatenganisha, mara nyingi akisimama upande wa mnyonge, na kundi linatulia. Kiongozi dhaifu au wa ubabe tu utaona ugomvi mmoja unazaa mwingine, aliyepigwa anageuka kumpiga aliye chini yake, mpaka watoto wanalia.

Mambo yanayowachanganya wageni

Jike akiwa na uvimbe mkubwa wa rangi ya waridi nyuma hajaumia wala haumwi. Ni hali yake ya kawaida ya mzunguko, siku 36 hivi kwa wastani, na madume wanabadilika tabia akiwa hivo. Hifadhi nyingi zinawapa majike dawa za uzazi wa mpango, kwa sababu kila mtoto anayezaliwa ndani anachukua nafasi ya yatima atakayeletwa kesho, na sokwe anaishi miaka mingi, wengine wanapita 50. Ukiona hakuna vichanga usidhani wanateswa.

Kuna sokwe utamwona anajitikisa mbele nyuma, mbele nyuma, au anajinyofoa manyoya mpaka mkono uko mtupu, au anajikumbatia kila kukiwa na kelele. Tafadhali usicheke na usimrekodi kwa ajili ya kuchekesha watu. Hizo ni alama za aliyetengwa na mama mapema au aliyefungwa peke yake miaka mingi, na zinapungua taratibu akipata marafiki, kwa wengine haziishi kabisa. Mwandike kama wengine, nani anakaa naye, nani anamgusa akianza kujitikisa. Mara nyingi kuna mmoja, na mtunzaji atafurahi sana ukimwambia ulichokiona maana yeye ana ndoo za chakula na milango ya kufunga, hana saa tatu za kukaa.

Na mgeni kundini, hili halifanywi kwa siku moja. Kwanza anakaa karantini, mara nyingi miezi 3 hivi, apimwe magonjwa. Alafu anaonana na mmoja kupitia wavu, anayechaguliwa mara nyingi ni jike mpole, wakizoeana wanawekwa pamoja, anaongezwa wa pili, wa tatu, madume wanakuja mwishoni. Inaweza kuchukua miezi mingi. Kwa hiyo ukiona sokwe yuko peke yake upande wa pili wa wavu uliza kwanza kabla hujaandika popote kwamba kafungiwa.

We mwenyewe ukae vipi

Kaa chini au simama umetulia, ubavu ubavu, usimkodolee mtu macho, usionyeshe meno ukicheka, funga mdomo utabasamu hivohivo. Usiige milio yao, hujui umesema nini na umemwambia nani. Usijipige kifua. Usirushe chakula hata ganda, mgao wao umepangwa na ukirusha wewe wa chini ndo atapigwa. Dume akianza kuyumba na kukuangalia rudi nyuma taratibu, na ukubali kwamba wewe umeshahesabika. Kule Furuvik, Sweden, kulikuwa na sokwe anaitwa Santino alikuwa anakusanya mawe asubuhi kabla wageni hawajafika, ametulia kabisa, anayapanga upande wanakosimama watu, alafu baadaye ndo anayarusha. Kwa hiyo usidhani ni hasira za ghafla, wanapanga.

Picha piga, lakini usipost picha ya mtu kamshika mtoto wa sokwe au kasimama naye bega kwa bega, hata kama ni mtunzaji na ana sababu halali ya kumshika. Anayeiona haoni sababu, anaona kwamba sokwe ni mnyama wa kufuga, na soko la watoto wa sokwe linaishi kwa hamu hiyohiyo. Post yule jike wako mzee akichambua manyoya, andika jina lake na historia yake kama hifadhi inaruhusu, eleza walikuwa wamegombana kina nani.

Jioni wakiitwa kuingia ndani subiri kidogo, angalia wanaingia kwa mpangilio gani na nani anamsubiri nani mlangoni. Porini kila jioni kila mkubwa anakunja matawi anajitengenezea kitanda kipya juu ya mti, na hifadhini kuna wanaokataa kuingia wakapanda mtini kutengeneza, wakiwemo waliofika wakiwa wadogo sana hawana mama wa kuwafundisha. Uliza nani kamfundisha nani, watunzaji wa siku nyingi wanakumbuka. Alafu kabla hujaondoka waachie nakala ya kurasa zako za siku hiyo, zenye saa, majina na nani alikaa na nani, hata kama mwandiko ni mbaya.